Siku moja maishani mwangu: nafundisha kufikiri, na bado nasomea kufikiri

Saa 11:30 alfajiri

Huu ndio muda wangu wa kusoma kabla nyumba haijaamka. Nafundisha walimu tarajali somo la fikra bunifu na utatuzi wa matatizo, na jioni nami huketi darasani kama mwanafunzi wa somo hilohilo. Swali ninaloshughulika nalo siku hizi ni moja: kwa nini mtu aliyefumbua fumbo vizuri leo, kesho akikutana na tatizo la aina ileile katika sura nyingine, huliona geni kabisa?

Graham Wallas aliandika mwaka 1926 kuwa kazi ya ubunifu hupitia hatua 4: maandalizi, kuatamia (kuliweka tatizo kando likomae kichwani), mwanga na uhakiki. Wanafunzi wangu huipenda sana ile ya pili, kwa kuwa inaonekana kama kupumzika tu. Lakini kuku haatamii kiota kitupu. Asiyelihangaikia tatizo kwanza hana cha kuangua, ndiyo maana alfajiri hii nayasoma upya maelezo ya majaribio badala ya kungoja wazo linijie.

Saa 2:00 asubuhi

Kipindi cha kwanza, na ndicho nikipendacho kuliko vyote. Naandika ubaoni: una mtungi wa lita 21, wa lita 127 na wa lita 3. Pima lita 100.

Kimya, kalamu zinakwaruza. Baada ya muda kijana mmoja anasimama: jaza ule mkubwa, mimina kutoka humo ujaze wa lita 21 mara moja, kisha ule mdogo mara mbili. 127 toa 21, toa 6, imebaki 100. Nawapa maswali mengine yanayofuata njia hiyohiyo na kasi inapanda. Sasa wanajibu hata kabla sijamaliza kuandika. Halafu naweka mitungi ya lita 23, 49 na 3, wapime 20. Karibu wote wanapita kulekule: 49 toa 23, toa 6. Jibu ni sahihi, nami sisemi kitu.

Linalofuata: 28, 76 na 3, wapime 25. Hapo mambo yanakwama. Njia yao inawapa 42. Wanarudia hesabu, wanapigania kifutio, mmoja ananiambia kwa adabu, “Samahani mwalimu, nadhani namba hizi zina kasoro.” Natikisa kichwa tu. Dada mmoja wa safu ya nyuma anasema polepole, “28 toa 3.” Darasa linalipuka kwa kicheko na “kumbe!”, na bila kuambiwa wanarudi kwenye lile lililotangulia: 23 toa 3, ndiyo 20. Jibu lilikuwa wazi, wao wakazunguka mbali.

Jaribio hili ni la mwanasaikolojia Abraham Luchins, alilichapisha mwaka 1942. Baadhi ya washiriki wake aliwaambia waandike onyo la kujikumbusha wasiwe vipofu, na wengi kati yao wakaiona njia fupi. Nawaeleza wanafunzi kwamba mazoea yenyewe si adui, kwani bila mazoea hata kusoma sentensi kungetuchosha. Hatari inaanza pale mazoea yanapojibu kabla macho hayajatazama. Na mwalimu anayetoa mifano kumi inayofanana, kisha zoezi linalofanana na mifano hiyo, anayajenga mazoea ya namna hiyo kwa mikono yake.

Saa 4:30 asubuhi

Bungua bongo. Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani, ndiye aliyeieneza mbinu hii, na kanuni zake bado zina maana: usikosoe kwanza, leta mawazo mengi, jenga juu ya wazo la mwenzio. Ila mimi siwaanzishi kwenye vikundi. Utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Yale na kuchapishwa mwaka 1958 ulionyesha kuwa watu 4 waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakakusanywa pamoja, walipata karibu maradufu ya kikundi cha watu 4 walioketi pamoja. Ukingoja zamu ya kusema, wazo linakuponyoka. Kwa hiyo kila mtu anaandika kimyakimya kwanza, kisha ndipo wanakaa pamoja.

Saa 7:00 mchana

Nasahihisha kazi.

Saa 8:00 mchana

Mwanafunzi ananiletea andalio la somo la eneo la msambamba. Kanuni iko mstari wa kwanza: kitako mara kimo. Namsimulia kuhusu mwanasaikolojia Max Wertheimer, aliyeingia darasa lililokuwa limeifahamu kanuni hiyo barabara, akachora msambamba uliosimama kwa namna nyingine. Wapo waliosema hawajafundishwa hilo. Lakini mtoto mdogo asiyeijua kanuni hiyo aliliangalia umbo la karatasi, akaona ncha zake ndizo zenye shida, akaomba mkasi, akakata upande mmoja na kuuhamishia wa pili. Ukawa mstatili.

“Sasa kanuni niifute, mwalimu?”

Hapana. Ishushe ikae mwisho, na mwanzoni weka karatasi na mkasi. Anaondoka akiwa anaandika palepale mlangoni.

Saa 11:00 jioni

Sasa mimi ni mwanafunzi. Leo tunajadili tatizo la Karl Duncker: mgonjwa ana uvimbe tumboni, mionzi yenye nguvu ya kuuua uvimbe itaua pia nyama yenye afya inamopita. Ufanyeje? Tumia mionzi dhaifu kutoka pande nyingi, ikutane pale kwenye uvimbe.

Mary Gick na Keith Holyoak, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliwasomesha watu kwanza hadithi ya jemadari aliyeligawa jeshi lake lipite njia nyingi na kukutana kwenye ngome. Ufumbuzi ni uleule. Hata hivyo wengi hawakuutumia kwa mgonjwa mpaka walipodokezwa kwamba hadithi inaweza kusaidia. Walichohitaji walikuwa nacho kichwani, kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, “Hili linafanana na lipi?” Utafiti wao wa mwaka 1983 uliongeza jambo ninaloona ndilo kiini cha kazi yetu: wanaolinganisha hadithi mbili na kueleza kinachozifanya zifanane huhamisha wazo kwa wepesi zaidi kuliko waliopewa moja.

Tumebishana juu ya hili hadi muda ukaisha, na tungeendelea.

Saa 3:00 usiku

Naandaa kipindi cha kesho. Fumbo moja kwa kipindi halitoshi tena, nataka mawili yanayotoka nyanja zilizo mbali, yawekwe mezani pamoja, na kabla ya mtu yeyote kugusa jibu aandike sentensi moja: yanafanana wapi? La jemadari ninalo. La pili nimelichagua la kuzima moto mkubwa, ambapo ndoo ndogo nyingi kutoka pande zote zinafanya kazi ambayo bomba moja kubwa halikuweza kufikishwa kuifanya. La mgonjwa litakuja siku tatu baadaye, bila dokezo, katikati ya somo jingine, nione nani atalitambua.