Nilikatisha dozi, ngozi ya mbwa wangu ikapona

"Maliza dozi kwanza." Kila niliyemuuliza alinijibu hivyo, na kwa mbwa anayebabuka ngozi kwa sababu ya dawa, ushauri huo unaua. Wangu alikuwa anameza kotrimoksazoli, antibiotiki yenye salfa, vile vidonge vya binadamu vya 480: miligramu 400 za salfa, 80 za trimethoprimu. Wiki ya pili ikaja homa, macho mekundu, vidonda midomoni na kwenye nyayo, kisha malengelenge kinenani. Salfa huweza kukaa kimya siku kadhaa, hata wiki mbili, ndipo mwili uishambulie, kwa hiyo watu hudai mbwa ameshaizoea. Nilisimamisha vidonge saa ileile nikampeleka kwa daktari wa mifugo, pakiti mkononi. Dripu, dawa ya maumivu na vipimo vya damu (salfa hugusa ini pia) vilikula laki mbili na ushee.

Nyumbani kazi ni kuosha. Lita 1 ya maji yaliyochemka, gramu 9 za chumvi, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa. Yakiwa vuguvugu, mimina kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usisugue: ngozi hiyo hutoka kama ganda la nyanya iliyochemshwa, pamoja na ile ambayo ingeshika. Spiriti na oili chafu ni mwiko.

Ninachojivunia zaidi ni kusoma tyubu. Duka la dawa walinipa krimu nyeupe ya majeraha ya moto. Nyuma imeandikwa silva salfadayazini. Salfa ileile, tena ipakwe kwenye ngozi iliyo wazi inayofyonza kila kitu! Niliirudisha, daktari akanipa jeli isiyo na salfa.

Asijilambe: nilitoboa kitako cha ndoo ya lita 10, ukingo nikauvika mpira wa maji uliopasuliwa, nikaifunga kwenye mkanda wake. Shingo yake ilikuwa nzima; yenye vidonda haivishwi. Alilala ndani ya chandarua, maana inzi wakitaga kidondani funza hawachelewi. Chakula kilikuwa uji uliopoa wa dagaa wa kusaga na yai, kwa kuwa vidonda humwaga protini nyingi.

Kadi yake ya chanjo sasa ina wino mwekundu: asipewe salfa. Mwenye mbwa wa aina ya Doberman awe macho zaidi, maana salfa huwadhuru upesi, na asome hata dawa za kuhara za watoto wa mbwa. Za koksidia, vimelea vya utumbo, nyingi ni salfa.