Poodle ana kodi, ana bima, ana kinyozi wake

Jana nimelipa yuro 85 kumnyoa mbwa. Themanini na tano, ndugu zangu! Kaogeshwa, kakaushwa, kachanwa, kanyolewa, kakatwa kucha, kasafishwa masikio, kisha katoka saluni anatembea kwa maringo kama si mimi niliyefungua pochi. Mimi nanyolewa hapa mtaani kwa yuro ishirini na ndevu zimo. Mlioko Chikongola, pale Mtwara mjini, mpigie hesabu wenyewe, halafu mniambie kinyozi wenu anachukua ngapi siku hizi.

Naishi Berlin, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mbwa ni Poodle, aina ya mbwa wenye nywele za kujisokota, si yule mdogo kabisa wa kubebwa mkononi wala si lile jitu refu, ni wa katikati. Rangi yake ni ya bibo lililoiva, lile tunda la mkorosho, na binti yangu akampa jina hilohilo, Bibo. Picha ilipofika Newala walicheka wiki nzima.

Nianze na bei, maana ndiyo mnayoniuliza. Mfugaji mwenye vibali vyake hapa anauza mtoto wa Poodle kwa yuro 1,500 mpaka 2,500, na wengine hupanda zaidi. Kwa nyumbani hapo ni pikipiki mpya na hela ya mafuta inabaki. Na usidhani ukiwa na fedha unakabidhiwa mbwa ukaondoka. Mama aliyetuuzia alituweka kitako: mnafanya kazi gani, mchana anabaki na nani, mwenye nyumba ameruhusu kwa maandishi, mkisafiri mnamwacha wapi. Nilipopeleka posa Tandahimba sikuulizwa nusu ya hayo. Tena ukalipa bado unasubiri, kwa sababu sheria hairuhusu mtoto wa mbwa kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki nane.

Kwa nini Poodle? Nywele. Mbwa wengine hupukutisha manyoya kwenye zulia, kwenye sufuria, kwenye shati la kazi. Huyu hapukutishi sana. Wauzaji hupenda kusema hamletei mtu mafua wala kuwashwa. Si kweli moja kwa moja, maana mate yake na magamba madogo ya ngozi yapo palepale, ila nyumba inabaki safi. Sasa nywele zisizodondoka zinakwenda wapi? Zinaota tu, kama zetu. Usipomchana zinajisokota mpaka kwenye ngozi, zinamvuta, zinamuumiza. Ndiyo maana kila baada ya wiki sita mpaka nane tuko saluni, na hilo ni la maisha yake yote, na Poodle akitunzwa anaweza kufika miaka kumi na tano. Hapo pikipiki mliyoiona juu inakuwa hela ndogo.

Ule unyoaji wa mabonge mabonge mnaoucheka kwenye picha ulianza kama kazi. Hawa walikuwa mbwa wa wawindaji wa bata, wanaingia majini kuleta ndege aliyepigwa. Walinyolewa ili waogelee kwa wepesi, wakaachiwa nywele kifuani na kwenye maungio wasipate baridi. Bibo wetu akiona dimbwi la mvua analizunguka.

Halafu kodi. Ndiyo, mbwa analipiwa kodi. Berlin ni yuro 120 kwa mwaka, na ukiongeza wa pili huyo ni 180. Paka halipiwi hata senti, na mimi sijapata mtu wa kunieleza hilo nikaridhika. Juu ya kodi kuna bima ya lazima, akimng'ata mtu au akiangusha baiskeli ya watu ilipe bima. Kuna chipu chini ya ngozi yenye namba yake, kuna kuandikishwa. Kwenye treni, mdogo aliye ndani ya kikapu hupanda bure, lakini huyu wetu anakatiwa tiketi kama mtoto. Chakula ndicho rahisi, yuro hamsini hivi kwa mwezi. Mbwa wa babu kule shambani alikula ugali wa dona na kichwa cha samaki, akalinda mihogo dhidi ya nguruwe pori usiku kucha, na hakuna aliyemdai kitu.

Daktari ndiye anayetisha. Ada za madaktari wa wanyama hapa zimepangwa na serikali, na zilipanda Novemba 2022. Daktari anaruhusiwa kutoza hadi mara tatu ya ada ya msingi, na usiku wa dharura hadi mara nne, na yuro 50 za dharura zinaongezwa juu. Bibo alivimba sikio usiku wa Jumapili (masikio ya Poodle yana nywele ndani, unyevu unakaa), na bili ile ingelipa vibarua wa kuokota korosho shamba zima la mjomba.

Ninyi mnaosoma Kijerumani pale Dar kwa ajili ya mafunzo ya uuguzi, sikilizeni. Mtaonyeshwa mshahara kabla ya makato. Ulizeni unaobaki. Toa kodi, toa bima ya afya, toa pensheni, toa nyumba, ndipo useme utatuma ngapi nyumbani. Na ukimwona Mtanzania anatembeza Poodle kwenye bustani usiseme kafika. Mke wangu naye anafanya kazi, ndipo tunaweza.

Mama hajamzoea mpaka leo. Akipiga simu ya video jambo la kwanza ni, "Huyo yuko ndani? Mnaswali wapi?" Namwonyesha chumba tulichofunga mlango, mbwa haingii. Anaguna. Kisha anauliza kama amekula.

Sasa limekuja la binamu yangu, mtoto wa mjomba, yuko Mtwara mjini. Anataka nimpelekee dume na jike azalishe, kasikia Dar watu wa Masaki wananunua. Nimemjibu kwa urefu. Kwanza kibali cha kuingiza mnyama, cheti cha afya, chanjo ya kichaa cha mbwa, kreti na nauli ya ndege. Pili, joto la Mtwara na unyevu wa bahari juu ya nywele zile, na kupe. Tatu, jike mmoja akikwama kuzaa, nani atampasua saa nane usiku? Chanjo si tatizo, watu wa kusini tunaijua; Lindi na Mtwara zilikuwemo kwenye ile kampeni kubwa ya kuchanja mbwa miaka ya 2010. Lakini daktari wa upasuaji wa mbwa si daktari wa chanjo.

Akasema, "Kaka, basi unaninyima." Simnyimi. Nimemwambia hao wenye Poodle Masaki tayari wanao, na kila miezi miwili wanahitaji mtu wa kuwanyoa. Aende Dar akajifunze kwa wanaofanya kazi hiyo, mashine na mikasi nitanunua mimi. Ameomba na nauli ya basi.