Yatokanayo: kikao cha baraza la manispaa, Februari 2018

Ajenda ya kikao kile ilikuwa na vipengele tisa: sala na nyimbo, taarifa ya Spika, kuthibitisha muhtasari wa Desemba, yatokanayo (yaani kufuatilia utekelezaji wa maazimio ya kikao kilichopita), taarifa za kamati tatu, hoja za madiwani, na mengineyo. Hapakuwa na uchaguzi, hapakuwa na mgeni kutoka Kampala, wala hakuna aliyetaka kumng'oa mwenzake. Nilikuwa karani wa baraza katika manispaa ndogo ya mpakani, mashariki mwa Uganda, na kati ya vikao nilivyoviandikia muhtasari, hiki ndicho ninachokieleza ninapoulizwa baraza hufanya nini hasa. Sababu yake ni kipengele cha nne.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inataka baraza likutane angalau mara moja kila miezi miwili, na kikao kiwe wazi kwa wananchi. Barua za mwaliko zilikuwa zimetoka siku saba kabla, kila moja ikiwa na ajenda, muhtasari wa Desemba na taarifa za kamati. Barua ikienda bila viambatanisho, diwani huja kusoma kikaoni, na saa mbili nzima hupotea kwa maswali ambayo majibu yake yako ukurasa wa tatu. Siku hiyo viti vya wananchi vilikuwa vimejaa mapema. Kina mama wa soko walikuja zaidi ya kumi, wakakaa mstari wa nyuma karibu na mlango.

Saa tatu ilipofika, rejista ilikuwa na sahihi 11. Baraza lilikuwa na wajumbe 25 pamoja na Meya, na akidi, yaani idadi ya chini inayokifanya kikao kiwe halali, ni nusu ya wajumbe wote, kwa hiyo tulihitaji 13. Ilikuwa siku ya mnada, na madiwani wawili wa kata za pembezoni wana mifugo. Spika alisubiri. Wapo maspika wanaofungua kikao kwa matumaini kwamba wengine wako njiani, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika, kwa sababu uamuzi uliopitishwa bila akidi unaweza kutenguliwa na mtu yeyote mwenye wakili, na mkaguzi wa hesabu akija haulizi nia ilikuwa nzuri au mbaya. Saa nne kasoro robo tulikuwa 17. Tukaimba wimbo wa taifa, kisha ule wa Afrika Mashariki, ambao pale kwetu huimbwa kwa sauti kubwa kuliko wa kwanza, maana maneno yake ni Kiswahili na Kiswahili ndiyo lugha ya soko na stendi yetu.

Kuhusu akidi niongeze jambo moja. Rejista haitoshi. Diwani hutia sahihi asubuhi, posho yake ikawa imehakikishwa, kisha baada ya chakula cha mchana humwoni tena. Karani anayejali kazi yake huhesabu vichwa kabla ya kila kura na kuandika idadi hiyo pembeni ya azimio, na asiogope kumpelekea Spika kikaratasi: "Tuko 12, Mheshimiwa." Karatasi hiyo imeliokoa baraza mara nyingi kuliko hotuba yoyote.

Taarifa ya Spika ilikuwa fupi. Muhtasari wa Desemba ulithibitishwa baada ya kusahihisha jina la kijiji kimoja. Kisha tukafika kwenye yatokanayo, na Spika akasoma azimio la tano la Desemba: "Baraza lilikubaliana kwamba trekta la taka litengenezwe haraka."

Akainua kichwa. "Trekta limetengenezwa?"

Mhandisi akasimama akasema halijatengenezwa. Mweka hazina akasema hakuna ombi lolote la fedha lililofika mezani kwake. Karani wa Mji, ambaye kisheria ndiye afisa mhasibu na ndiye atakayejibu shilingi ikipotea, akasema hakuwa na idhini ya kutumia fedha ambayo haikutajwa itoke wapi. Watatu hao walikuwa wamesema kweli. Tatizo lilikuwa azimio lenyewe. Lilitaja kazi, halikutaja mtu, halikutaja kiasi, halikutaja fungu la bajeti, halikutaja tarehe. Madiwani walikuwa wameinua mikono Desemba wakiamini jambo limekwisha, na trekta likakaa uani kwa miezi miwili huku maganda ya matoke yakioza nyuma ya soko.

Mama mmoja kule nyuma akanong'ona kwa nguvu, "Na sisi tunalipa ushuru kila siku." Spika akamwomba atulie, kwa upole, kwani mwananchi husikiliza na hachangii. Lakini maneno yale hakuna ambaye hakuyasikia.

Hapo mjadala ukawa mzito, na ulistahili kuwa mzito. Mhandisi alieleza ubovu wenyewe. Trela la trekta hubinuliwa na jeki ya haidroliki. Taka za soko letu ni majani na maganda mabichi, na mvua ikinyesha uzito wake huongezeka sana ilhali kwa macho mzigo ni uleule. Wapakiaji hupima kwa macho. Wakijaza trela mpaka juu ya bao la ubavuni, jeki hulazimika kuinua mzigo uliozidi uwezo wake, sili (mipira inayozuia mafuta yasivuje) zinapasuka, mafuta yanavuja, trela linabaki limelala. Mara tatu sili zilikuwa zimebadilishwa bila mtu kugusa chanzo. Safari hii alileta orodha kutoka Kampala, soko la vipuri la Kisekka: sili na bomba jipya la haidroliki shilingi milioni 1.1, tairi mbili za nyuma milioni 4.2, mafuta ya haidroliki lita 20 kwa 300,000, ufundi 600,000. Jumla milioni 6.2. Akaomba pia mstari mwekundu upakwe ndani ya trela, nusu ya kimo cha bao, kuwa kikomo cha kupakia nyakati za mvua. Mstari huo haukuwa na gharama ya kuzungumziwa, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa sehemu bora ya taarifa yake.

Diwani wa vijana akauliza, "Pesa ya barabara si ipo?" Ni swali linalorudi kila mwaka. Fedha za Mfuko wa Barabara wa Uganda, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, zilikuwa za kutunza barabara tu. Zilikuwa ruzuku ya masharti, na hali ni hiyohiyo kwa fedha za shule na za vituo vya afya. Baraza linaziona kwenye bajeti, linazipitisha, lakini haliwezi kuzihamishia kazi nyingine. Ndiyo maana manispaa inaweza kuwa na bajeti ya mabilioni na ikashindwa kununua tairi. Uhuru mkubwa wa baraza uko kwenye mapato ya ndani: ushuru wa soko, leseni za biashara, kodi ya majengo, ada za stendi, kodi ya huduma na ya hoteli. Na mapato hayo yalipata pigo kubwa kodi ya kichwa ilipoondolewa mwaka 2005, pigo ambalo miji midogo haijapona.

Tena hata hayo ya ndani hayafiki yote. Mjini, tarafa, yaani sehemu ya manispaa, ndiyo hukusanya, inabaki na asilimia 50 na kupeleka asilimia 50 kwa manispaa. Diwani mzee, mmoja wa wawili wanaowawakilisha wazee, alilishika jambo hilo hapo. "Tarafa inakula nusu ya ushuru wa soko, na taka za soko tubebe sisi peke yetu?" Hoja yake ilikuwa na haki. Lakini tarafa ina baraza lake na bajeti yake, na baraza la manispaa haliwezi kuandika mstari ndani ya bajeti ya mwingine. Kilichowezekana ni barua rasmi ya kuiomba tarafa ichukue mzigo wa dizeli: safari tatu kwa siku hadi jalala lililo kilomita tisa, kwenda na kurudi kilomita 54, lita 18 hadi 20. Mwingine alikumbusha mradi wa mboji uliosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, katika miji kama Mbale, Soroti na Jinja, akataka nasi tuulizie. Wazo hilo lilipelekwa kwenye kamati, mahali pake panapofaa, kwani mboji hailiondoi trekta uani wiki ile.

Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha akaleta pendekezo la kuhamisha fungu. Paa la ofisi lilikuwa limetengewa milioni 9. Lakini hapo Spika alimuuliza mweka hazina swali ambalo mabaraza mengi husahau: "Hiyo tisa ni ya kwenye karatasi au imekusanywa?" Bajeti ni matarajio. Unaweza kuhamisha milioni sita kutoka fungu ambalo halijawahi kupata hata moja, na azimio likawa zuri na trekta likabaki palepale. Mweka hazina alifungua daftari la mafungu akasoma salio: milioni 9 zilikuwepo, hakuna kilichotumika. Zikitoka 6.2, zingebaki 2.8, na mhandisi akasema zinatosha mabati ya chumba cha majalada, panapovuja vibaya zaidi. Mimi nililihofia paa hilo kuliko wengi mle ndani, maana mihtasari ya miaka yote imelala chini yake. Hata hivyo soko lilistahili kutangulia.

Kabla ya kura, Spika alisimamisha mjadala, nami nikasoma maneno ya azimio kwa sauti, polepole, mara mbili. Hatua hii huchukua dakika nne na ndiyo inayoamua kama kikao kimefanya kazi. Likasomeka hivi: Baraza limeidhinisha kuhamisha shilingi 6,200,000 za mapato ya ndani kutoka fungu la ukarabati wa ofisi kwenda fungu la matengenezo ya magari na mitambo, Mhandisi awasilishe ombi la ununuzi ndani ya siku tatu, Karani wa Mji alipeleke Kamati ya Kandarasi, Mhandisi aripoti katika kikao cha Aprili. Diwani mmoja alitaka tuongeze jina la gereji anayoifahamu. Spika alikataa, na alipaswa kukataa. Tangu bodi za zabuni zilipofutwa mwaka 2006, kazi hiyo ni ya kamati ya kandarasi, ambayo madiwani hawamo. Jina la fundi likiingia kwenye azimio, ununuzi wote unakuwa na doa kabla haujaanza.

Mtoa hoja alikuwa Mwenyekiti wa Fedha, aliyeunga mkono ni diwani wa kike wa kata ya soko. Nilihesabu vichwa: 17. Mikono ya kukubali 14, ya kupinga miwili, mmoja hakupiga kura.

Taarifa za kamati zilikwenda haraka. Afya na elimu: vyoo vya shule mbili. Kazi: kalvati. Mipango: majina matano ya kamati ya ardhi ya eneo, mwenyekiti na wajumbe wanne, ambayo baraza la manispaa hupendekeza tu na kuyapeleka baraza la wilaya.

Hoja ya mwisho ilihusu posho. Ilitakwa posho ya kikao ipande kutoka shilingi 80,000 hadi 120,000. Siwalaumu waliotaka, diwani hana mshahara kama Meya, na watu humgongea mlango usiku kwa matatizo ya karo na misiba. Lakini sheria inaweka ukomo: malipo na posho za madiwani zisizidi asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka wa fedha uliopita. Yaliyokusanywa, si yaliyokadiriwa. Sisi tulikuwa tumekusanya milioni 240, kwa hiyo ukomo ulikuwa 48. Madiwani 24, vikao 12 kwa mwaka ukijumlisha vya kamati, ni posho 288. Kwa 80,000 ni milioni 23 na kidogo. Kwa 120,000 ni 34 na nusu. Malipo mengine ya madiwani yalikuwa milioni 15. Ya sasa yanafika 38, ya kuombwa yanafika 49 na nusu. Mweka hazina aliandika hesabu hiyo ubaoni, mstari kwa mstari, bila maneno mengi. Mtoa hoja aliitazama, akaomba kuiondoa hoja yake, na muhtasari ukaandika hivyo: hoja imeondolewa na mwenyewe. Wale kina mama wa nyuma walikuwa bado wapo.

Kikao kilifungwa saa tisa na dakika ishirini. Muhtasari kamili husubiri kuthibitishwa kikao kinachofuata, lakini utekelezaji hauwezi kungoja Aprili, kwa hiyo hutolewa dondoo: namba ya azimio, maneno yaleyale yaliyosomwa, majina ya mtoa hoja na aliyeunga mkono, idadi ya kura, sahihi ya Spika na ya karani wa baraza. Asubuhi ya pili yake nilichapa nakala tano, za Karani wa Mji, mweka hazina, mhandisi, mkaguzi wa ndani na jalada. Kila aliyepokea alitia sahihi na saa kwenye kitabu cha kupeleka barua. Mhandisi alitia ya kwake saa tatu na nusu, na ombi la ununuzi lilikuwa tayari mkononi mwake.