Nilivyochagua mtaa Mtwara, na jiko la mkaa ambalo sikulihitaji

Kila niliyemwambia nahamia Mtwara alikuwa na ushauri. Wa kwanza akanikumbusha vurugu za mwaka 2013 za kupinga bomba la gesi. Wa pili akaniuliza kama sijasikia ya wapiganaji wa Msumbiji, ng'ambo ya mpaka. Ni kweli Kitaya ilishambuliwa Oktoba 2020, lakini Kitaya ni kijiji cha ukingoni mwa Mto Ruvuma, na mimi nilikuwa natafuta chumba na sebule mjini. Habari za namna hiyo hazikuambii simu yako itapokonywa kona ipi. Wa tatu ndiye aliyenikera: "Kaa Shangani, kwingine kote wezi."

Shangani ni pazuri, sibishi. Upepo wa bahari, miti, viwanja vikubwa. Ila kiwanja kikubwa maana yake jirani yuko mbali, na ukipiga yowe saa nane usiku atakayekusikia kwanza ni mbwa. Mtaa uliobanana, ule wageni wanaoukimbia kwa sababu ya kelele, una macho. Unaweza kukaa salama kote kuwili, lakini kule Shangani unajilinda kwa mlinzi na geti, na huku unalindwa na watu wanaokujua kwa jina. Mfuko wangu ulikuwa wa huku.

Nilianza kwa kosa la wote: nikazunguka na dalali saa sita mchana. Hela ya kuonesha elfu kumi, nyumba nne, na kila tulipofika wimbo ni mmoja, "huku kumetulia, kaka." Mchana kunatulia kila mahali. Jua la Mtwara lilikuwa limewafukuza hata kuku barabarani. Nyumba ya tatu niliipenda hadi nikaanza kuhesabu kodi ya miezi sita. Usiku, saa mbili na nusu, nikachukua bodaboda niirudie. Kijana akasimama kwenye lami.

"Bosi, hapa unatembea kidogo tu."

Nikamwambia naongeza elfu moja.

"Siyo hela, bosi."

Ile nyumba nikaifuta palepale. Bodaboda anayekataa hela amekupa taarifa ambayo dalali hatakupa hata umlipe mara mbili.

Tangu hapo kila mtaa niliupitia mara tatu: saa kumi na mbili na nusu jioni, saa tatu usiku, na saa kumi na moja alfajiri. Siku moja ya kazi na Jumamosi moja. Jioni nilikuwa naangalia watoto: adhana ya magharibi ikishapita, bado wanatumwa dukani peke yao? Saa tatu naangalia wakala wa kutuma na kutoa pesa, maana yeye ana fedha taslimu mkononi. Wakala anayefunga wakati jua bado linaonekana ameshapata somo. Alfajiri naangalia wazee wanaokwenda msikitini, kama wanatembea mmojammoja au wanasubiriana kibarazani waende kundi. Ngoma usiku kucha isikutishe. Msimu wa jando na unyago utaisikia sana, na mtaa wenye ngoma ni mtaa ulio macho.

Angalia pia vilivyolala nje. Kanga kwenye kamba, ndoo, ndala mlangoni, jiko. Mtaa ambao saa tatu usiku kamba zote tupu na hata mita ya maji imejengewa kizimba cha nondo, huna haja ya kuuliza.

Lakini kuuliza kuna ufundi wake. Ukimuuliza mtu "mtaa wenu una usalama?" atasema upo, nani ataaibisha kwao mbele ya mgeni? Mimi nilikuwa nauliza njia. Kulikuwa na mama anakaanga samaki chini ya taa ya sola, karibu na kichochoro kinachokata katikati ya nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nikihamia huku, nikichelewa kazini hadi saa nne, nikate hapa au nizunguke barabarani?"

Akageuza samaki. "Zunguka."

"Kuna nini hapo kati?"

"Hakuna kitu. We zunguka tu."

Kesho yake mchana nikapita hapo kati. Mapagale mawili, moja limeota nyasi hadi dirishani, ndani vichupa na vipisi vya sigara. Ndiyo "hakuna kitu" yenyewe. Tangu siku hiyo nikawa nahesabu mapagale kutoka barabarani hadi mlangoni. Moja si neno. Mawili yanayotazamana kwenye njia yako ya kurudi, acha.

Sasa ujanja ninaojivunia, na sijasikia mtu mwingine kautumia: nenda kwa fundi wa kuchomelea. Mtu akiibiwa anaweza asifike polisi, lakini kwa fundi wa nondo atafika wiki hiyohiyo. Nikajifanya mteja, nikauliza bei ya grili la dirisha la futi nne kwa nne, nondo za milimita 12. Akaanza kunitajia, mimi nikawa navuta maneno: siku hizi kazi nyingi unatoa wapi? Weee. Akanipa ramani nzima. Mtaa fulani nyumba moja madirisha matatu, jirani yake mlango wa nyuma, na wote walikuwa na grili zilizofungwa kwa skrubu kwenye fremu ya mbao. Mwizi kaja na bisibisi, hakuvunja kitu. Nondo zinazamishwa ukutani, akasema, na karibu na bahari uzigonge na funguo sehemu ya chini maji yanapotuama, kwa sababu chumvi inazila kwa ndani na rangi inabaki inang'aa. Nilikaa nusu saa nzima. Kuondoka mikono mitupu nikaona haya, nikanunua jiko la mkaa. Napikia gesi mimi.

Ofisi ya serikali ya mtaa utafika tu kwa ajili ya utambulisho, kwa hiyo tumia nafasi. Usiulize usalama, uliza mchango wa ulinzi shirikishi ni shilingi ngapi na anakusanya nani. Nilikochagua walinitajia elfu mbili kwa mwezi, wakanionesha kitabu cha risiti, na majirani wawili walijua majina ya vijana wanaozunguka. Kwingine mwenyekiti aliniambia ulinzi upo, ila hakuna jirani aliyewahi kuchangia hata mia.

Na uliza kuhusu msimu. Mimi nilitafuta nyumba Juni, mji umepoa. Oktoba hadi Desemba korosho inauzwa, pesa inaingia, uraka, pombe ya mabibo, unanyweka, na mtaa unabadilika sura. Swali langu lilikuwa: "Msimu uliopita mlipiga kelele za mwizi mara ngapi?" Jibu la "mara mbili, na wote tulitoka" nililipenda kuliko "hakuna kabisa".

Ndani ya nyumba mambo ni machache. Nyumba nyingi za Kiswahili kuta za vyumba haziendi hadi kwenye bati, kwa hiyo aliyeingia chumba kimoja ameingia vyote. Tazama juu kabla hujatazama sakafu. Joto litakulazimisha ulale dirisha wazi, na wezi wanajua: wanapitisha mti mrefu wenye ndoano katikati ya nondo, wanavua simu na suruali kama wanavua samaki. Nyavu ya mbu haizuii kitu, inachanwa kwa wembe. Weka kitanda na chaja ukuta wa mbali. Kitasa badilisha siku ileile ya kuhamia, wapangaji waliokutangulia wana funguo.

Nilihamia Julai. Lile jiko la mkaa sikuwa na pa kuliweka, likabaki uani, upande usio na ukuta. Msimu umekuja umepita, na bado liko palepale.