Ateliye ya kuchora kwa kutulia: mstari mmoja umekubali!

Jamani umekubali! Wiki mbili nagombana na doti 16, mpaka mke wangu ananiuliza kama hii ateliye ni ya kutuliza watu ama ya kunipasua mimi kichwa.

Kwa wenye hawakufuata toka mwanzo: Jumamosi ijayo, sale (ukumbi) moja pale Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, watu 12 ambao hawajawahi kuchora. Mpango wa kwanza ulikuwa Zentangle, ile ya Wamarekani Rick Roberts na Maria Thomas, kikaratasi cha sentimita 9 hivi unakijaza vimistari polepole. Nzuri, lakini inataka kalamu ya milimita 0.25, na hapa Lubumbashi ukiipata bei yake utaona heri ununue unga. Nikajaribu na biki, biki ukiituliza mahali pamoja inatema wino, kazi yote madoa. Njo nikakumbuka sona, ile michoro ya mchangani ya Wachokwe. Si ni za kwetu huku kusini? Wazee walikuwa wanasawazisha mchanga, wanapanga doti kwa ncha za vidole, halafu mstari unazizunguka doti zote bila kuinua kidole huku hadithi inaendelea. Sinia na mchanga, basi. (Mchanga wa kujengea upitishe kwenye chekeche na uulowanishe kidogo, la sivyo mstari unabomoka.)

Sasa hapo kwenye "bila kuinua kidole" ndipo nilipokwama. Nilipanga doti 4 kwa 4 kwa sababu inapendeza macho. Mstari unapita mshazari kati ya doti, ukigonga ukingo unakata kona, kona nne tu umesharudi ulipoanzia! Inabidi uinue, uanze mwingine, mpaka ifike mistari minne. Na kidole kikiinuka pumzi inakatika, mtu anaanza kuwaza deni. Nilimpa mama jirani ajaribu, akaniangalia: "Papa, hii mustari yako inanichokesha kuliko kufua."

Nikafikiri ni mkono wangu. Nikajaribu 3 kwa 3, mistari mitatu. 6 kwa 6, sita. 4 kwa 6, miwili. Umeme ukakatika, nikaendelea na tochi ya simu, 3 kwa 6, mitatu tena, na hapo ndipo nikaiona: ni PGCD! Ile tuliyokaririshwa shuleni nikaapa haitanisaidia maishani, kigawo kikubwa kabisa cha pamoja cha doti za pande zote mbili ndio idadi ya mistari. Ukitaka mstari mmoja, pande zisishirikiane kigawo chochote zaidi ya 1. 3 kwa 4, kona 14, unarudi nyumbani. 5 kwa 6, kona 22.

Nikamrudishia mama jirani sinia na 3 kwa 4. Alipofika mwisho hakusema kitu, alisawazisha mchanga kwa kiganja akaanza upya. Sisemi ni dawa ya huzuni, ila chai yake ilipoa pale pembeni.

Nilipaswa leo kuandika maelezo ya mazoezi ya pumzi, sijagusa. Nimepata wazo jingine: ukisimamisha njiti ya kiberiti katikati ya doti mbili, pale mistari miwili tofauti inapokatana, kila mmoja unageuka kama umeona kioo, na yote miwili inakuwa mmoja. Kwa hiyo ile 4 kwa 4 iliyonitesa inataka njiti tatu tu. Nimeshamaliza nusu ya kiberiti cha jikoni.