Besi ilikuwa inamezwa na feni

Wakuu, besi imekaa. Wiki tatu, matoleo 9 ya miksi ya wimbo mmoja, hatimaye imekaa.

Kama mnakumbuka, nilikwama kwenye 808, ile besi nzito ya mashine ya ngoma, ya beti la pili, pale inaposhuka hadi noti ya F ya chini, hezi 43 na ushee. Ndani ya HD 600, hedifoni yangu ya mgongo wazi, ilikuwa tamu, imetulia chini ya kiki, yaani ngoma kubwa. Nikiipeleka kwenye gari la shemeji, IST, plastiki ya mlango inatetemeka na mwimbaji anazama. Nikipunguza, nikarudi kwenye hedifoni, wimbo umekonda. Naongeza tena. Nimezunguka hapo hadi nikaichukia F yenyewe.

Lawama zote niliipa hedifoni. Ni kweli HD 600 inalegea kadiri unavyoshuka chini ya hezi 100, na omu zake 300 zinaielemea saundikadi yangu ndogo. Nikaweka ikwalaiza ya kunyanyua chini kwa desibeli 4. Ikasaidia, lakini jibu la mchana halikufanana na la usiku. Hilo ndilo lililonitesa: hedifoni ile ile, sauti ile ile, masikio yale yale.

Juzi saa nane mchana umeme ukakatika. Laptopu ina chaji, saundikadi inakula USB, wimbo ukaendelea. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Besi ikapanda! Sikuwa nimegusa kitu. F ikajaa kichwani vile vile inavyojaa kwenye IST.

Hedifoni ya mgongo wazi karibu haizuii kabisa kelele ya chumbani. Mchana nilikuwa naweka feni namba 3, usiku namba 1, na ule mvumo ulikuwa unaifunika besi masikioni. Umeme uliporudi nikairekodi feni kwa maiki: kilele kimesimama hezi 100 kamili, mara mbili ya hezi 50 za umeme wetu, na chini yake upepo umejaa tele. Kisha nikapanga 808 kwa sikio mara mbili, feni ikiwaka na ikiwa imezimwa. Tofauti ilikuwa karibu desibeli 3.

Sasa hukumu ya besi natoa feni ikiwa imezimwa, dakika kumi kumi, jasho litiririke tu. F nimeishusha, nikaitia saturesheni kidogo, yaani mkwaruzo unaoiongezea sauti za juu, ili isikike hata kwenye spika ya simu. Mlango wa IST umenyamaza.

Mtaniambia ninunue hedifoni ya kufunga masikio. MDR-7506 ninayo, na kwa kunasa pumzi za mwimbaji au kukata kelele ni nzuri sana, japo ngozi yake inabanduka. Ila kupima uzito wa sauti dhidi ya vinanda bado naiamini HD 600 kuliko kitu chochote nilichowahi kuvaa.

Leo nilipanga kumalizia kiitikio na kukagua mono, yaani kushoto na kulia zikiunganishwa kuwa moja. Sikufika huko, maana ile rekodi ya feni imenipa wazo. Nimeiweka kwenye treki yake, naifungua taratibu juu ya miksi nikivaa 7506, kama abiria aliye ndani ya daladala. Kinachozama kwanza ndicho kilicho dhaifu. Jaribio la kwanza, maneno mawili ya mwisho ya beti la pili yalipotea kabisa. Nimeyanyanyua desibeli 1.5, na sasa narudia kutoka mwanzo, mstari kwa mstari.