Njia za baiskeli kwenye vilima vya Uvinza

Kigoma, mwisho wa Agosti.

Kiangazi kikikolea, vilima vya Uvinza hubadilika rangi mara mbili. Kwanza nyasi hukauka, moto hupita, na mteremko mzima hubaki mweusi. Kisha, kabla tone la mvua halijaanguka, mitundu na miyombo huchipua majani mekundu kama kutu. Hizi ndizo wiki nzuri za kupanda: unaona unapokanyaga, na njia zilizofunikwa tangu masika zimejitokeza zote.

Njia ya kutazama ni ya baiskeli za wabeba mkaa. Njia ya mguu hupanda moja kwa moja, ila ya mkaa ni mfereji mwembamba unaozunguka mteremko polepole, kwa sababu mwenye magunia hapandi baiskeli, anaisukuma. Ifuate kuelekea juu. Mwisho wake ni tanuri la mkaa.

Tanuri lenyewe ni kazi ya ufundi, si ya kudharau. Magogo hupangwa juu ya fito zilizolazwa chini ili hewa ipite, mapengo huzibwa kwa vijiti, juu huja nyasi mbichi, halafu udongo. Moto huingizwa kwa mdomo mmoja, ukishika mdomo unafunikwa. Moshi mweupe mzito wa mwanzo ni maji yanayotoka kwenye kuni. Ukigeuka mwepesi wa samawati, mkaa unakaribia kuiva. Mchomaji hulala hapo hapo, maana tanuri likititia udongo hupasuka, hewa huingia, na kufikia asubuhi pale penye ufa ni majivu matupu. Mwenye haraka ya kuchoma kuni mbichi ndiye hupata hasara kuliko wote, kwani sehemu ya kuni huungua ili kukausha nyingine. Hata kwa fundi mzuri, kilo moja ya mkaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni. Gunia la kilo 50, bila kuhesabu rumbesa, ni kilo 300 hadi 500 za mti.

Msitu wa miombo haufi kirahisi hivyo. Kisiki kilichoachwa na mizizi yake huchipua, na machipukizi yakinusurika na moto wa Septemba miaka michache mfululizo, miti inarudi. Pasiporudi kitu kwa muda mrefu ni pale tanuri lilipokaa: udongo umeokwa kama tofali. Ukiwa kileleni utayaona madoa hayo.

Ukitaja nishati na mazingira hapa Kigoma, mtu atakutajia kwanza mradi wa umeme wa maporomoko ya Igamba, kwenye Mto Malagarasi. Ni haki yake. Mto huu ulikuwapo kabla Ziwa Tanganyika halijazaliwa, na baadhi ya samaki wake wana jamaa zao Kongo, si ziwani. Mpango wa awali wa umeme pale, uliokuwa kwenye mkataba wa msaada wa Marekani wa 2008, uliachwa kwa sababu ya viumbe adimu wa mtoni. Mradi wa sasa ni wa megawati 49.5. Mitambo ya aina hii huchepusha maji juu ya maporomoko na kuyarudisha chini, kwa hiyo cha kuulizia ni kile kipande cha katikati: Septemba na Oktoba, mto ukiwa umepungua, kinaachiwa maji kiasi gani?

Ila mimi naogopa zaidi barabara ya mafundi wa mradi huo. Panapopita lori la nguzo, pikipiki ya mkaa hupita mwaka unaofuata, na safari iliyokuwa ya siku nzima kwa baiskeli inakuwa ya saa mbili. Mkuza, yaani ukanda wa kupitisha nyaya za umeme, ukifyekwa bila kung'oa visiki, vichaka vifupi vikaachwa, na njia ya muda ikafungwa kwa mtaro kazi ikiisha, kilima kinapumua. Wala umeme ukifika mjini haumaanishi jiko la mkaa limetoka. Maharage yanataka saa nyingi za moto, na mkaa unauzwa kwa kopo. Mtungi wa gesi hauuzwi kwa kopo.

Anayetaka kujua vilima hivi vingekuwaje bila barabara aende Mahale, hifadhi ya taifa tangu 1985, ambako hutembelewa kwa miguu. Kilele cha Nkungwe ni mita 2,462, na ziwa liko mita 773 hivi, kwa hiyo unapanda karibu mita 1,700.

Kwa Uvinza, anza saa 12 asubuhi na lita 4 za maji kwa mtu. Pitia kwanza serikali ya kijiji, la sivyo utadhaniwa mtu wa misitu na hakuna atakayekuonyesha njia. Usivae bluu iliyokoza wala nyeusi, mbung'o wanazipenda. Upupu ukikupata usijikune wala kusugua. Bandika utepe wa gundi juu ya ngozi, uubandue, nyoya zitoke nao.

Na usikanyage tuta lolote refu la udongo lililolala kando ya njia, hata kama halitoi moshi. Tanuri lililofunikwa hubaki na makaa ndani kwa siku kadhaa, na udongo wa juu ni mwembamba. Kiganja kilichoinuliwa kidogo juu yake kitakuambia kama bado lina joto.